Vitabu na hifadhi za kuaminika kuhusu mitindo ya nyumba za zamani za Marekani

Mkuu, umeuliza utumie kitabu gani kujua mtindo wa nyumba uliyonunua Louisville, maana dalali amekuambia ni ya Kiviktoria na jirani anasema ni ya Kikoloni. Mimi ni seremala, nakarabati nyumba za zamani hapa hapa Kentucky, na jambo hili nalipenda, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Anza na A Field Guide to American Houses. Virginia na Lee McAlester walikitoa mwaka 1984, kisha Virginia akakipanua sana katika toleo la 2013. Tafuta hilo la 2013. Kina picha nyingi, ila mimi nakithamini kwa sababu kinakufundisha utazame wapi: umbo la paa, madirisha, milango, baraza, mapambo ya chini ya paa. Halafu kinakupa kipindi, si mwaka mmoja. Mtindo wa Kiitalia kinauweka takriban 1840 hadi 1885, na mtindo mwingine uitwao Queen Anne 1880 hadi 1910. Tovuti inayokuwekea picha moja ya kupendeza kwa kila mtindo na mistari miwili ya maelezo, achana nayo. Na huyo dalali hajakusaidia: Malkia Victoria alitawala toka 1837 hadi 1901, na ndani ya miaka hiyo Wamarekani walijenga kwa mitindo mingi isiyofanana hata kidogo.

Ila kitabu peke yake hakitoshi. Kuna nyumba niliwahi kuifanyia kazi, ya matofali, ghorofa mbili, paa la mteremko mdogo. Ukingo wa paa umetokeza mbele na umebebwa na vishikizo vya mbao vya kuchonga, viwili viwili, na madirisha ni marefu membamba yenye tao juu. Hiyo ni ya Kiitalia, huhitaji kubishana na mtu. Lakini baraza lake lilijaa vijiti vilivyokerezwa, urembo wa Queen Anne kabisa, na mwenye nyumba hakujua ashike lipi. Tulipobandua mbao za baraza tukakuta misumari ya waya, ile ya duara tunayoitumia mpaka leo. Kule juu darini misumari ilikuwa ya pande nne, ya kukatwa kwenye bapa la chuma. Ile ya waya ndiyo iliyoshika soko kuanzia miaka ya 1890. Baraza lilikuja baadaye, basi.

Tulithibitisha kwa ramani za Sanborn, na hapa ndipo nataka utumie muda wako. Hizi zilichorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto kuanzia 1867, na zinaonyesha jengo moja moja: pinki ni matofali, njano ni mbao, namba inataja ghorofa, mistari ya vipande vipande ni baraza. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyingi mtandaoni, bure. Fungua ramani ya mtaa wako ya miaka tofauti, uziweke pamoja, utaona nyumba ikiongezwa chumba na baraza. Mwaka ulioandikwa kwenye rekodi za kodi ya jengo usiutegemee sana. Ukikuta 1900, mara nyingi karani alijaza tu kwa sababu hakuwa na tarehe.

Maktaba hiyo hiyo inatunza michoro ya Historic American Buildings Survey, mradi ulioanza 1933 kuwapa kazi wasanifu majengo waliokosa ajira wakati wa mdororo wa uchumi. Vipimo vyake ni vya kuaminika, lakini majengo mengi humo ni ya hadhi, kwa hiyo nyumba kama yako unaweza usiikute. Ukiikosa, nenda kwenye fomu za National Register of Historic Places, orodha ya serikali ya Marekani ya maeneo ya kihistoria, za mtaa wako: sehemu ya 7 inaeleza majengo, ya 8 inaeleza umuhimu wake. Kwa Kentucky waulize Kentucky Heritage Council, ofisi ya jimbo ya kuhifadhi majengo ya kihistoria. Kama nyumba yako ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, pitia pia katalogi za kampuni ya Sears, waliokuwa wakiuza nyumba nzima kwa vipande kati ya 1908 na 1940.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa uko Louisville. Ukikuta nyumba nyembamba, upana wa chumba kimoja, vyumba vimefuatana bila ukumbi wa kupitia, hiyo ni shotigani. Mji huu unazo nyingi mno, zikiwemo zenye ghorofa upande wa nyuma tu. Vitabu vingi vya mitindo huzipita haraka kwa sababu zilikuwa za watu wa kipato cha chini, na hilo linaniuma. Msomi John Michael Vlach, katika miaka ya 1970, alifuatilia asili yake kupitia New Orleans hadi Haiti, na nyuma zaidi hadi Afrika Magharibi. Kama yako ni ya aina hiyo, usikubali mtu akuambie haina mtindo.

Na kabla hujang'oa madirisha ya zamani, soma Preservation Brief namba 9, mwongozo wa uhifadhi wa National Park Service, idara ya serikali ya Marekani. Ni bure, inahusu kukarabati madirisha ya mbao hatua kwa hatua. Mbao zile ni za miti iliyokomaa, na nyingi bado zinatengenezeka. Ila rangi ikiwa ya kabla ya 1978, pima kwanza kama ina madini ya risasi (lead) kabla ya kupiga msasa.