Nimekosa safari ya Kalenga, gauni la sare nimebaki nalo: hukumu yake ni ipi?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Naishi Mwanjelwa, Mbeya. Familia kadhaa za mtaani kwetu tulipanga safari ya Iringa: tuone nguzo za Isimila, twende Kalenga kwenye makumbusho ya Chifu Mkwawa, na jioni tule chakula cha pamoja Iringa mjini, wanawake wote tukiwa na sare ya kitenge. Mume wangu alinikabidhi shilingi 150,000 na kunigawia hesabu yake: 60,000 kitenge na fundi, 45,000 mchango wa Coaster, 25,000 chakula, na 20,000 ya kununua zawadi huko. Gauni nililichukua Alhamisi, fundi nikambakishia 15,000. Usiku wa kuamkia safari mtoto wetu mdogo akashikwa na homa kali. Nikabaki naye, mume wangu na watoto wakubwa wakaenda. Kwa uchungu nikasema, "Wallahi gauni hili sitalivaa." Baadaye kiongozi wa msafara akanirudishia ile 25,000 ya chakula. Sasa mama mkwe anasema nguo ya safari iliyokosekana ni nuksi, nisikae nayo ndani. Jirani anataka kuinunua. Mimi nalipenda gauni langu. Je, ni halali kubaki nalo? Na je, naweza kulivaa?

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Tunamuomba Allah ampe mtoto afya njema na akulipe kwa usiku ule uliokesha naye.

Gauni ni lako, dada yangu. Baki nalo bila wasiwasi. Lakini katika maelezo yako kuna mambo mawili mazito kuliko gauni lenyewe, nawe umeyapitia juu juu: fedha zilizobaki mkononi mwako, na kiapo kilichokutoka mdomoni. Hayo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Kwanza kwa nini gauni ni lako. Mume alikupa fedha kwa kusudi alilolitaja, nawe ukazitumia kwa kusudi hilo hilo. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, wametoa mfano wa mtu aliyempa mwenzake dirhamu akamwambia, "Nunua kilemba." Ikiwa mtoaji alikusudia kweli mwenzake afunike kichwa, fedha ile haifai kupelekwa kwingine, ikiwa alitaja kilemba kwa maneno ya ukarimu tu, aliyepewa ana uhuru nayo. Kwako hata hali ya kwanza imetimia: fedha ya nguo ilinunua nguo, nguo ikashonwa, ukaipokea. Kwenda au kutokwenda Iringa hakurudi nyuma kuivunja zawadi iliyokwisha kukabidhiwa. Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayerudia zawadi yake na mbwa anayerudia matapishi yake, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Ingekuwa sare imenunuliwa kwa fedha za kikundi, jibu lingetazama makubaliano. Kama kikundi kiliwagawia wanachama vitenge moja kwa moja, ni hiba, na ukishaipokea haidaiwi. Kama mliazimwa mrudishe baada ya shughuli, ni amana ya watu na inarudi, hata kama hukuivaa.

Sasa fedha. Kwa hesabu yako unapaswa kuwa na 60,000 mkononi: 15,000 ya fundi, 25,000 iliyorudi ya chakula, na 20,000 ya zawadi ambazo hukuzinunua.

Ile 15,000 ni ya fundi. Mpelekee leo. Watu wengi wakikosa shughuli huona deni la mshono nalo limelegea, wakamzungusha fundi wiki baada ya wiki kwa sababu nguo "haijatumika". Fundi hakukodiwa kwa safari yako. Alikodiwa kushona, na alishona. Kazi ikikamilika na kukabidhiwa, ujira umekuwa deni kamili. Mtume (s.a.w.) amesema mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, ameipokea Ibn Majah.

Ile 25,000 na ile 20,000 mrudishie mume wako, au mwambie wazi: "Fedha hizi zimebaki, nifanyie nini?" Akisema zako, zimekuwa zako. Hapa ndipo mfano wa kilemba unapofanya kazi hasa, kwa kuwa kusudi lililotajwa halikutokea kabisa. Kuzigeuza mboga au mchango wa kikoba bila yeye kujua ni kutumia mali kinyume na idhini. Najua wake wengi wanaona fedha iliyoingia pochini haina tena mwenyewe. Kama kwenu imezoeleka kwamba baki ni ya mke na mume analijua hilo, mazoea hayo yanatosha kuwa idhini. Kama huna uhakika, sentensi moja tu ya kuuliza inakutoa kwenye shaka.

Ama 45,000 ya gari, usiidai. Coaster ilikodiwa nzima, mwenye gari alilipwa kwa safari nzima, na kiti chako kikaenda kitupu. Udhuru wako unakuondolea lawama, lakini hauwatwishi wenzako gharama yako. Mngekuwa mmekubaliana mapema kwamba asiyekwenda hurudishiwa, au angepatikana mtu wa kulipia nafasi yako, hapo ungekuwa na haki ya kuipokea, kwa kuwa Waislamu wanafungwa na masharti yao. Na kama msafara ulibakiza fedha zikagawanywa kwa waliochangia, wewe umo, kwa kuwa ulichanga.

Nakuja kwenye kiapo. Uliposema "Wallahi gauni hili sitalivaa", ulikuwa unaapa kweli, au ulimi ulitereza? Kuna watu "wallahi" imekuwa kama pumzi yao: wallahi nimechoka, wallahi leo kuna baridi. Kiapo cha namna hiyo, kisichokusudiwa moyoni, Allah amesema hatatushika nacho, katika Suratul Maida aya ya 89. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, vaa gauni lako, huna kafara, yaani fidia ya kuvunja kiapo. Lakini kama uliyakusudia maneno yako, ukataka kweli kujizuia, kiapo kimefungika, na hasira au uchungu havikifungui. Jiulize wewe mwenyewe, mimi siwezi kuingia moyoni mwako.

Ikiwa kimefungika, una njia mbili. Ukitaka usilivae maisha, umekitimiza kiapo na hudaiwi kitu. Unaweza kuliuza au kulitoa, kwa kuwa uliapia kuvaa, hukuapia kumiliki. Ukitaka kulivaa, inafaa pia, tena naiona bora kuliko kuliacha lioze kwa ajili ya neno la hasira. Mtume (s.a.w.) amesema aliyeapa juu ya jambo kisha akaona lingine ni bora, alifanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Ameipokea Muslim. Usidanganyike na ujanja wa kubadilisha kola au kufupisha mikono ukasema si gauni lile tena. Kitambaa ni kile kile, na kiapo kiko pale pale.

Kafara ni kulisha masikini kumi, au kuwavisha masikini kumi, au kuacha huru mtumwa, ambalo leo halipo. Asiyeweza hayo ndiye anayefunga siku tatu. Na hapa watu wetu wanakosea kila siku: wana mchele ndani na fedha ya kununulia, lakini wanakimbilia saumu kwa kuwa ni rahisi. Saumu ya mwenye uwezo wa kulisha haimtoi kwenye kafara. Deni linabaki.

Kulisha, kwa madhehebu ya Shafii, ni kumpa kila masikini kibaba kimoja, yaani mudi, cha chakula kikuu cha mji. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa. Ukipima gramu 750 za mchele kwa kila mtu umeingia kwenye usalama, kwa hiyo kilo saba na nusu zinatosha watu kumi. Mbeya mchele wa Kyela na wa Mbarali upo kila soko, na mahindi ndiyo chakula cha wengi, basi chochote katika hivyo kinafaa. Toa nafaka. Unga, ingawa ndio tunaosongea ugali, haukubaliki kwa kauli ya madhehebu haya, wala chakula kilichopikwa, wala thamani ya fedha. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wanaruhusu thamani, na aliyebanwa kweli anaweza kuchukua kauli yao. Wawe watu kumi tofauti. Usimpe masikini mmoja kilo zote saba na nusu ukahesabu kumi. Wala usilishe watano ukavisha watano, kwa Shafii kafara haichanganywi namna hiyo. Kwa sababu hiyo wazo la kulitoa gauni lenyewe kama kafara halikufikishi mbali, kwani litamvisha mtu mmoja na tisa bado wanakungoja.

Kuhusu wakati, kafara ya mali unaweza kuitoa kabla ya kulivaa gauni. Kafara ya saumu haitangulizwi. Ni mpaka uwe umekwisha kukivunja kiapo. Siku tatu hizo si lazima zifuatane, ingawa kuzifuatanisha ni bora.

Mama mkwe mjibu kwa heshima, ni mzazi. Lakini itikadi ya nuksi katika nguo usiibebe. "Hakuna tiyara," amesema Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Bukhari na Muslim, na maana yake hakuna mkosi wa kuagulia kwa kitu, ndege wala tukio. Homa ya mtoto haikuletwa na kitenge, na kitenge hakikubakiwa na kitu cha homa ile. Ukilitoa gauni kwa kuogopa nuksi umeipa nguvu itikadi mbaya ndani ya nyumba yako, hata kama aliyepokea amefaidika. Ukilitoa kwa kumpenda Allah, ni jambo jingine kabisa, na Allah amesema katika Al Imran aya ya 92 kwamba hamtaufikia wema mpaka mtoe katika mnavyovipenda. Ni hiari yako, wala si wajibu.

Na ukijikuta unajilaumu, "lau ningempa dawa mapema, lau ningeomba waahirishe", liache hilo. Mtume (s.a.w.) ametukataza neno hilo la lau, akatufundisha kusema Allah amekadiria na alilolitaka amelifanya, imo katika Muslim. Mama kubaki na mtoto mgonjwa ni kuichunga amana aliyopewa, na ujira wake kwa Allah, ukikusudia hivyo, ni mkubwa kuliko kufika Kalenga. Makumbusho yapo kiasi cha kilomita 15 tu kutoka Iringa mjini, na fuvu la Mkwawa lililorejeshwa mwaka 1954 halihami. Safari nyingine itapatikana inshaallah.

Umeniambia unalipenda gauni, basi ukimaliza suala la kiapo livae. Livae Idi, livae kwenye walima, livae nyumbani kwa mume wako. Siku ya kwanza sema dua aliyoipokea Abu Daud: "Alhamdu lillaahil-ladhii kasaanii haadhaa wa razaqaniihi min ghayri hawlin minnii walaa quwwah." Ila lipime kwanza kwa sheria. Sare nyingi za vitenge hushonwa zikibana kiunoni na kuwa na mpasuo nyuma unaopanda juu ya goti. Mbele ya wanaume wasio maharimu hilo halifai, hata kichwani ukiwa na mtandio. Mrudie fundi: akiwa ameacha akiba ya sentimita mbili au tatu kila upande wa mshono, kiuno kitaachiwa, na mpasuo utazibwa kwa kipande kilichobaki kwenye pisi. Kama hakuacha akiba, vaa juu yake abaya pana au koti refu, ambalo kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai utalihitaji tu.

Kulitunza kabatini si israfu maadamu lina matumizi. Israfu ni kuliacha liharibike, na Mtume (s.a.w.) amekataza kupoteza mali. Kitenge kipya kina wanga. Kikifungiwa kwenye mfuko wa nailoni msimu wa mvua kinashika ukungu na harufu. Lifue kwa maji ya baridi, lianike kivulini likiwa nje ndani, likauke sawasawa, kisha litundike au likunje ndani ya kanga ya pamba. Zaka halina, kwa kuwa ni vazi la kutumia.

Ukiamua kumuuzia jirani, muuzie kwa bei mtakayoridhiana, na mwambie kasoro kama ipo, mathalani mshono uliofumuliwa. Ni mali yako na huhitaji ruhusa ya mume kuiuza, ila kumwarifu kunalinda mapenzi.

Na kuna jambo la tatu ambalo hukuliuliza, nami ningependa ulifikirie kuliko kuuza. Bukhari amepokea kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na vazi la thamani ya dirhamu tano, na zama za Mtume (s.a.w.) hakuna mwanamke aliyepambwa Madina kwa ajili ya harusi yake ila alituma kwake kuliazima. Vazi moja, maarusi wengi. Mtaani kwako wapo wasichana wanaokosa nguo ya kuvaa kwenye nikaha za ndugu zao. Waazime. Kwa Shafii anayeazima anabeba dhamana: likichanika kwa uzembe au likaibwa, analipa, likichakaa kwa kuvaliwa kama ulivyoruhusu, halipi. Basi mweleze hilo kabla hajaondoka nalo, mtaje na siku ya kulirudisha, msije mkagombana baadaye.

Wallahu aalam.