Kama hakuna anayeniona, kwa nini nisigonge kopo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa miaka 26, nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tunapima kwa sado na karibu wote kwenye mstari wetu makopo yao yamegongwa kitako kikaingia ndani, juu wanajaza mpaka inafanya kichuguu mteja anaona kapendelewa kumbe chini hamna kitu. Langu bado zima, na jioni nawaona wenzangu wanahesabu hela kunizidi. Tafadhali usinijibu kwa dhambi na moto wa jehanamu, hayo nayasikia kila wiki na sina uhakika kama nayaamini. Nataka sababu ya hapa hapa duniani. Kwa nini niwe mwema wakati hakuna anayeniona?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimekaa nayo siku tatu, maana umeuliza kweli, na mtu aliyeuliza kweli hafai kurushiwa methali akaambiwa aende.

Marekani walikuwepo wanafalsafa wanaitwa wapragmatisti, kina Charles Peirce, William James na John Dewey. Hao ukiwapelekea wazo lolote wanakuuliza, je mtu akiliishi linaleta nini? Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni falsafa ya wapigaji, kwamba hela ikiingia basi umepatia. Wamekosea sana. Matokeo wanayoyasema hao ni yote, kwa kila aliyeguswa, leo na mwakani, pamoja na yale yanayokupata wewe mwenyewe ndani.

Dewey kwenye kitabu alichotoa mwaka 1922 alilishika hilo hilo swali lako. Akasema mtu angekuwa anaishi peke yake duniani labda lingekuwa na maana, ila huyo wala lisingemjia kichwani. Halafu akalifananisha na kuuliza kwa nini nisitie mkono kwenye moto, utaungua, ndo sababu yenyewe, hakuna nyingine ya kutafuta. Na huu moto wake ni wa jikoni, sio ule uliosema hutaki kuusikia. Anamaanisha kwamba sisi tumezaliwa katikati ya watu wanaotutegemea, wanaotulaumu, wanaotukumbuka, na lolote unalolifanya linaangukia humo humo.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Bibi yangu aliuza mawese Ujiji, na kulikuwa na mama mmoja akija na treni kutoka Dodoma kuchukua madumu. Mwanzoni alikuwa anakuja na kijiti chake kirefu, anafungua kila dumu, anachovya mpaka chini, anakitoa, anasugua kwa vidole, ananusa, ndo anasema haya. Miaka ikaenda akakiacha kijiti, akawa anafika anahesabu madumu, analipa, wanakaa wanakunywa chai. Msimu mmoja ya kwetu hayakutosha tukajazia kwa dumu la mtu mwingine na hatukulikagua, kumbe lina maji chini. Yule mama aliporudi hakugomba wala hakupandisha sauti, alitoa kijiti kwenye mkoba akaanza kuchovya dumu moja moja, bibi kasimama pembeni anamwangalia. Lile dumu alilipwa siku ile ile. Kijiti kilikaa misimu miwili. Mimi nilikuwa mtoto lakini ule uso wa bibi ninao mpaka leo, na ndo nikajua kwamba kule kutofunguliwa madumu ilikuwa mali, tena kubwa kuliko mawese yenyewe.

Sasa unasema hakuna anayekuona. Kopo kweli unaligonga mara moja, jiwe na dakika mbili, lakini kulitumia ni kila mteja, ulishike hivi asilione chini, umwage haraka, umchangamshe kwa maneno macho yasishuke. Fanya hivyo mwaka mzima mkono unazoea, na Dewey alisisitiza sana kwamba mazoea ndo mtu mwenyewe, sio shati utakalolivua ukifika nyumbani.

Sikudanganyi, wapo waliogonga makopo na wamejenga. Nikikwambia uaminifu unalipa kila siku nitakuwa na mimi nimekugongea kopo. Ila James aliwahi kusema, 1891 hiyo, kwamba mpangilio wowote wa maisha tukitaka kujua kama una kasoro tutasikia vilio vya walioumizwa. Kwenu anayelia ni nani? Ni mama wa genge pale Mwanga aliyenunua sado akapiga hesabu ya mafungu 20, akapanga yakaishia 17. Yale matatu ndo yalikuwa faida yake. Hakuoni wewe, anaona mafungu hayatoshi, na hiyo hasara ipo hata kama hajui pa kuipeleka. Wewe unayedai sababu ya hapa duniani, mi sijaona nzito kuliko hii.

Kuhusu "karibu wote wanafanya". James huyo huyo mwaka 1896 alitoa mfano wa treni imejaa abiria, majambazi wachache wanawapora wote, kwa nini? Kwa sababu majambazi wanaaminiana na abiria hawaaminiani, kila mmoja anaogopa akisimama atapigwa risasi kabla hajapata wa kumuunga mkono. Laiti wangeamini kwamba wote watanyanyuka, kila mmoja angenyanyuka. Nadhani mstari wenu ndo hiyo treni. Wapo humo wanaotamani kopo zima, wanaogopa kubaki peke yao kama unavyoogopa wewe.

Kwa hiyo usianze na wote. Tafuta wawili watatu, mnunue makopo mapya ya aina moja, muyapange yamefunikwa kitako juu mteja aone mwenyewe na apige kwa vidole kabla hamjampimia. Mbalamwezi ikiingia vipe, zile boti za kuvulia dagaa kwa taa, vikalala na dagaa wakapungua, mnakuwa na nafasi ya kukaa mkaongea bila wateja kusubiri. Mkishaanza niandikie, hata kama mauzo ya wiki ya kwanza yameshuka, nataka kujua yameshuka kiasi gani.