«Ndoo» ya Lamu si kosa

Ndugu uliyeuliza kwa nini mwenyeji wako wa Lamu alikuita «ndoo», nawe ukamletea chombo cha maji, hukukosea wewe wala yeye hakukosea. Katika Kiamu, yaani lahaja ya Kiswahili ya Lamu, pale ambapo Kiswahili sanifu kina sauti «nj», mara nyingi husikika «nd», kwa hiyo njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Vivyo hivyo, «ch» ya sanifu mara nyingi huwa «t»: macho ni mato, na kucheka ni kuteka.

Hapo ndipo vichekesho huanzia, kwa sababu chombo cha maji nacho ni ndoo, hivyo «ndoo na ndoo» ni wito kamili wa kumtaka mtu aje na chombo chake. Mpwa wangu, aliyesomea bara, alimsikia nyanya yake pale Mkomani, mtaa wa Lamu, akisema kwamba watoto «wanateka», akakimbia barazani kutazama nani ametekwa, akawakuta wamejishika mbavu kwa kicheko.

Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa watoto wetu husahihishwa darasani kana kwamba wameharibu lugha. Usanifishaji ulioanza kusimamiwa na kamati ya Afrika Mashariki mwaka 1930 ulijengwa juu ya Kiunguja. Kiamu kilikuwa kimekwisha kutungiwa tenzi muda mrefu kabla ya hapo. Ukiitwa tena «ndoo», basi nenda, mikono mitupu.