Nirudishieni Norris

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni jina gani lililofutwa katika michezo ambalo ungelirudisha, na kwa nini?" Wengi watawaandikia kuhusu soka. Mimi naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako maziwa huganda hadi watoto hucheza juu yake, na jina ninalolitaka linatoka kwenye mpira wa magongo wa barafuni: Divisheni ya Norris.

Divisheni huku si daraja kama tulilozoea. Timu za NHL, ligi kuu ya mchezo huo, hazipandi wala hazishuki. Zinagawanywa mafungu, na fungu ndilo huamua nani utakutana naye kila mara na nani utamwona kwa nadra. Mwaka 1974, ligi ilipofikisha timu 18, mafungu manne yalipewa majina ya wazee wa mchezo huo: Adams, Patrick, Smythe na Norris. James Norris alikuwa tajiri wa biashara ya nafaka aliyeinunua timu ya Detroit mwaka 1932 na kuiita Red Wings. Sina haja ya kumpamba. Wakati ligi ina timu sita tu, yeye na familia yake walikuwa na mkono katika zaidi ya timu moja, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa. Silitaki jina hilo kwa heshima yake. Nalitaka kwa sababu ya miji mitano iliyolibeba.

Mwanzoni hata miji hiyo haikuwemo yote. Montreal, Detroit, Pittsburgh, Washington na Los Angeles zilitiwa kapu moja, ingawa kati ya Montreal na Los Angeles kuna bara zima. Msimu wa kwanza Montreal walimaliza na pointi 113, Washington 21. Montreal waliongoza miaka saba mfululizo. Hapo utani wa jadi ungetoka wapi?

Uhai ulikuja mwaka 1981, mafungu yalipopangwa upya kwa kufuata ujirani. Norris ikawa ya Chicago, Detroit, Minnesota, St. Louis na Toronto. Winnipeg walikaa nao msimu mmoja wakahamishwa. Katika msimu wa mechi 80, kila timu ilikutana na kila jirani yake mara 8. Wanne kati ya watano waliingia mtoano, na raundi mbili za kwanza zilichezwa humo humo. Kuanzia 1987 raundi ya kwanza ilipofanywa ya mechi hadi saba, mliweza kukutana mara 15 kabla Aprili haijaisha. Aliyekubamiza ukutani Novemba unamkuta tena Januari, tena Machi, kisha mnapewa mtoano pamoja. Ngumi zilikuwa nyingi, sikatai. Msimu wa 1987/88 Bob Probert wa Detroit peke yake alikusanya dakika 398 za adhabu, yaani za kukaa nje ya mchezo kwa makosa yake.

Wanaoidharau Norris husema ilikuwa dhaifu, na takwimu wanazo. Mwaka 1987 St. Louis waliiongoza wakiwa na pointi 79, wameshinda 32 na kupoteza 33. Mwaka uliofuata Toronto waliingia mtoano na pointi 52 tu. Tangu 1982 hadi jina lilipofutwa, hakuna timu ya Norris iliyobeba Kombe la Stanley, ambalo ndilo la ubingwa wa ligi. Yote ni kweli.

Lakini nani kati yao hukumbuka 1991? Minnesota walimaliza msimu na pointi 68, wameshinda 27 na kupoteza 39. Raundi ya kwanza wakapewa Chicago wenye pointi 106, vinara wa ligi nzima. Wakawatoa kwa mechi nne kwa mbili. Wakaja St. Louis wenye pointi 105, na Brett Hull aliyekuwa amefunga mabao 86 msimu ule. Nao wakatolewa nne kwa mbili. Kisha Edmonton, waliokuwa mabingwa watetezi: nne kwa moja. Ni Pittsburgh ya Mario Lemieux iliyowasimamisha fainali, na mechi ya mwisho ilikuwa 8 kwa 0. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi ghalani alinisimulia safari hiyo bao kwa bao wakati wa chakula cha mchana, miaka mingi baadaye, na kila alipofika kwenye zile nane alinyamaza kidogo. Yeye hakukubali kuuita muujiza. Alisema ukishacheza na mtu mara nane kwa msimu, unajua atageukia wapi kabla yeye mwenyewe hajajua.

Mwaka 1993 mambo mawili yalitokea pamoja. Timu ya Minnesota ilihamishiwa Dallas, na kamishna mpya, Gary Bettman, aliyetoka kwenye mpira wa kikapu wa NBA, alifuta majina ya watu na kuweka ya kijiografia. Norris ikawa Divisheni ya Kati. Hoja ilikuwa kwamba mgeni asitatizike.

Hapa ndipo naomba kusikilizwa, maana mgeni ndiye mimi. Norris halikunitatiza. Niliuliza Norris ni nani, yule mzee akaweka chini kikombe chake, na kwa swali hilo nikapata Detroit, Chicago, ngumi, 1991, vyote. Kuhusu "Kati" sijawahi kuuliza chochote. Na si kwamba ligi ilichoka na majina: mwaka 2021, msimu wa korona, divisheni ziliuziwa wadhamini, na hiyo ya Kati ikapewa jina la kampuni ya kadi za mkopo.

Viwanja navyo vimekwenda. Cha Minnesota kilibomolewa 1994, cha Chicago 1995, cha St. Louis 1999, na cha Detroit kilianza kubomolewa 2019. Cha Toronto bado kimesimama, ila chini yake watu wananunua mboga na mikate.

Minnesota ilipata timu nyingine mwaka 2000, na leo iko Divisheni ya Kati pamoja na Chicago, St. Louis na Dallas, ile ile iliyohamishwa. Dallas wameshaitoa Minnesota kwenye mtoano 2016 na 2023. Wakija kucheza hapa, utawaona wazee wanapanda ngazi taratibu, wamevaa jezi za kijani zenye herufi N na nyota, za timu iliyoondoka.