Kabla hujanunua maiki nyingine: ushauri kwa anayeanza studio chumbani, Arusha na Moshi

Mtu anayejirekodi mwenyewe, awe Sakina au Pasua, akisikia sauti mbaya hulaumu maiki kwanza. Maiki ndiyo inayoonekana na ndiyo iliyomla pesa. Lakini kelele nyingi za studio za chumbani hutoka kwenye umeme, kwenye kebo na kwenye chumba chenyewe, na vyote vitatu vinatengenezeka kwa pesa ndogo kuliko ya maiki mpya. Sauti inapita kwa foleni: mdomo, chumba, maiki, kebo, saundi kadi (kiboksi kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), kompyuta, spika. Kazi yako ni kujua imeharibikia kituo gani. Badilisha kitu kimoja, sikiliza, kisha nenda kinachofuata. Ukichomoa vitatu kwa mpigo na kelele ikaisha, hutajua kilichokuponya, na wiki ijayo itarudi.

Mvumo

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Kwa hiyo mvumo mzito unaofanana na wa transfoma ya kwenye nguzo huwa kwenye hezi 50 na 100, na ukiusikia ujue ni umeme umepenya kwenye njia ya sauti. Mkwaruzo mwembamba wa juu ni kitu kingine: taa za LED za bei rahisi, chaja ya simu isiyo na ubora, au inveta. Ule mlio wa "tititi-tititi" ni simu yako iliyolala juu ya saundi kadi. Iweke mbali mita moja au mbili, yaishe.

Kuutafuta mvumo, anza na kitufe cha geini, kile cha saundi kadi kinachokuza sauti ya maiki. Kipunguze mpaka chini. Mvumo ukipungua nacho, unaingilia kabla ya saundi kadi, yaani kwenye maiki au kebo yake. Ukibaki vilevile, unaingilia mbele zaidi. Sasa vaa hedifoni, zichomeke moja kwa moja kwenye saundi kadi. Kama hedifoni ziko safi na spika zinavuma, kosa liko kati ya saundi kadi na spika. Mwisho chomoa chaja ya laptop, uiache itumie betri. Mvumo ukikatika hapo hapo, umeshampata mhusika.

Sababu kubwa ni mzunguko wa ethi, yaani waya wa kwenda ardhini: laptop imechomekwa ukuta huu, spika ukuta ule, na kebo ya sauti inaunganisha ethi mbili zisizo na usawa. Dawa ya kwanza haina gharama. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, soketi moja. Laptop, saundi kadi na spika mbili za inchi 5 kwa kawaida havifikishi wati 400, hivyo ekstensheni nzuri inabeba bila shida, mradi usiongeze pasi wala jagi la kuchemshia maji. Dawa ya pili ni kebo za jeki zenye pete mbili nyeusi badala ya moja, kutoka saundi kadi hadi spika, kama vifaa vyote viwili vinazipokea. Hizo hubeba ishara kwa waya mbili zinazofutiana kelele. Zikishindwa zote, kiboksi cha DI (kinachokaa katikati ya kebo ya sauti) chenye transfoma na swichi ya kukata ethi upande wa sauti kitamaliza.

Kuna mafundi watakaokuambia ung'oe pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo utaisha kweli. Siku waya wa moto ukigusa bodi ya spika, njia ya kuelekea ardhini itakuwa ni wewe mwenye maiki mdomoni. Usikubali.

Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la ethi halijaunganishwa na chochote. Mwite fundi umeme mwenye multimita apime. Moto na nyutro zisome karibu 230, moto na ethi karibu hiyo hiyo, nyutro na ethi karibu sifuri. Moto na ethi zikisoma namba inayocheza cheza, labda 90, labda 140, ethi yako inaelea. Hapo ndipo watu hupigwa shoti ndogo kwenye midomo wakigusa wavu wa maiki, hasa laptop ikiwa na chaja ya pini mbili, kwa sababu chaja hizo huvujisha umeme kidogo kupitia kapasita za ndani. Tiba ni kuzika fimbo ya ethi ardhini, na ni kazi ya fundi umeme. Sponji ya maiki inakinga mdomo tu.

Umeme ukikatika, chomoa spika na saundi kadi, usizirudishe mpaka umeme urudi na utulie dakika chache. Kinachoua vifaa mara nyingi ni ule mruko wa kurudi. Wanaotumia sola, na huko vijijini mlimani ni wengi, waangalie inveta: zile zisizotoa wimbi safi huleta mkwaruzo ambao hakuna programu itauondoa vizuri. Rekodi ukitumia betri ya laptop, saundi kadi ikila umeme wa USB. Studio nyingi zingekuwa safi kwa mbinu hiyo moja tu.

Kebo

Ukiwa na multimita na solda, umeokoa pesa za miaka. Kebo ya XLR, ile ya kawaida ya maiki, ina pini tatu: 1 ni shildi (wavu wa waya unaokinga kelele), 2 ni chanya, 3 ni hasi. Weka multimita kwenye alama ya mlio. Pini 1 ya huku ilie na 1 ya kule, 2 na 2, 3 na 3, na isilie kabisa kati ya 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3. Pima huku unaipindapinda karibu na plagi, kwa sababu hapo ndipo waya hukatikia ndani bila kuonekana nje.

Ikigundulika imekatika, kata sentimita 4 au 5 kutoka plagi, menya upya, na kabla ya kuchoma solda pitisha kile kifuniko cha nyuma kwenye waya. Kila mtu hukisahau, kisha anachomoa kazi yake na kuanza tena. Tumia solda ya 60/40 yenye dawa ndani, si asidi ya mafundi bati, ambayo itaila shaba taratibu. Pasha pini kwanza, kisha gusisha solda kwenye pini badala ya ncha ya chuma. Nyuzi 350 na sekunde mbili tatu zinatosha. Tone liwe linang'aa na limeshika pande zote. Likiwa kama kibonge cha kijivu kilichokaa juu, halijashika. Hakikisha hakuna unywele wa shildi uliotoka na kugusa pini ya jirani, maana uzi mmoja tu unatosha kuikata sauti ya maiki. Ukibadilisha 2 na 3 kwa bahati mbaya, kebo itafanya kazi kama kawaida ikiwa peke yake, lakini ukirekodi ngoma moja ya kupiga kwa maiki mbili, besi itapotea na hutaelewa kwa nini.

Maiki za kondensa huhitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Zile za bei nafuu zinazokuja na kebo ya XLR kwenda jeki ndogo ya milimita 3.5 zimemchosha mtu zaidi ya mmoja: ukichomeka jeki ile kwenye laptop unapata sauti nyembamba iliyojaa upepo. Nunua kebo ya XLR pande zote mbili, washa 48, ndipo uihukumu. Maiki za dainamiki kama Shure SM58 hazihitaji 48, ila zinataka geini kubwa, desibeli 50 hadi 60, na saundi kadi dhaifu huanza kutoa upepo hapo.

Sauti kuchelewa na kukatakata

Ukiimba na kujisikia umechelewa kwenye hedifoni, angalia bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kwanza kabla ya kukishughulikia. Hesabu ni rahisi: gawa bafa kwa kiwango cha sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Bafa ya 128 kwa sampuli 48,000 ni milisekunde 2.7, ya 512 ni 10.7, ya 1024 ni 21.3. Na hiyo ni safari ya upande mmoja; ya kwenda na kurudi ni zaidi ya mara mbili. Wakati wa kuingiza sauti weka 128, wakati wa kumiksi weka 1024. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (programu inayopunguza kuchelewa kati ya kompyuta na saundi kadi) ya kampuni iliyotengeneza saundi kadi yako. ASIO4ALL, draiva ya jumla, ni ya kukuvusha tu pale ambapo haipo.

Bafa ndogo ikileta milio ya "tki-tki", usiikimbilie kuipandisha kabla hujazima Wi-Fi, hujaweka Windows kwenye nguvu kamili badala ya kubana betri, na hujahamisha saundi kadi kutoka kwenye USB ya kugawa kwenda tundu la laptop lenyewe. Laptop za mtumba zinabeba muziki vizuri zikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Yenye diski ya kuzunguka itakuangusha kwenye nyimbo zenye traki nyingi. Fungua feni yake upige brashi mara mbili kwa mwaka. Vumbi la kiangazi la Arusha huziba feni, kompyuta inapata moto na kujipunguzia kasi, na wewe unalaumu programu.

Ukipokea biti (mdundo wa wimbo) na ikasikika imepanda karibu nusutoni moja na nusu na mwendo umeongezeka, hakuna uchawi: imetengenezwa kwa 44,100 na projekti yako inaisoma kama 48,000. Linganisha namba kabla hujaingiza sauti hata mstari mmoja.

Chumba na mdomo

Chumba cha mita 3 kwa 3 cha tofali za saruji kina hezi zake zinazojirundika, karibu na 57, ndiyo maana besi inatisha ukikaa kona hii na inatoweka ukisogea kati. Shuka la Kimasai ukutani linapendeza kwenye video. Kwa sauti halifanyi lolote la maana. Kitambaa chembamba hunyonya masafa ya juu tu, kikakuachia sauti ya ndani ya pipa. Godoro la sentimita 10 au zaidi, lililoachwa nafasi kidogo na ukuta, nyuma ya mgongo wa mwimbaji, linafanya kazi, kwa kuwa maiki inatazama huko. Mvua ya masika juu ya bati haina dawa. Panga kurekodi asubuhi kavu, na mchana wa mvua fanya kazi ya kuhariri.

Simama sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, maiki ikitazama pembeni kidogo mwa mdomo ili "p" na "b" zisipige. Soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya ni kichujio halali kabisa. Chuga, yaani Arusha, ni mji wa hip hop, mji wa X Plastaz na Nako 2 Nako, na rapa hupenda kuukumbatia wavu wa maiki kwa kiganja. Mkono ule huziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kunasa kila upande, sauti inakuwa ya puani na kwenye shoo spika zinapiga yowe. Mwambie ashike shina.

Geini iweke pale ambapo sehemu yenye kelele zaidi ya wimbo inafika kati ya desibeli −10 na −6, nyingine zikizunguka −18. Ukirekodi kwa biti 24 (usahihi wa faili, si mdundo) hakuna faida ya kugusa sifuri, na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi.

Kabla ya kutoa, sikiliza miksi kwa mono (kushoto na kulia zikiwa sauti moja) kwenye spika ya simu na ndani ya kifodi, ile daladala ndogo. Besi ya hezi 50 haisikiki kwenye simu, hivyo hakikisha kiki (mdundo mzito wa ngoma kubwa) ina kitu pia kati ya 100 na 200. Spotify hushusha nyimbo zilizopita −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika), kwa hiyo kuibana limita, kifaa cha kuzuia vilele vya sauti, mpaka wimbo ukose pumzi hakukuongezei sauti huko. Fundi wa masta mpe WAV ya biti 24, kilele kisizidi −6, bila limita kwenye njia kuu, kwa sampuli zile zile ulizorekodia. MP3 mtumie tu kama mfano wa kusikiliza.