Mwalimu ana nafasi gani katika kuunda mtaala?

Mwalimu mwenzangu wa Kayole, unauliza kama mtaala huamuliwa na wakubwa, nasi tukabaki kubebeshwa tu. La hasha. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya (KICD), pale Barabara ya Desai jijini Nairobi, huanza kwa kutathmini mahitaji, kisha huandaa miundo ya mtaala, huijaribu shuleni, na kufuatilia utekelezaji. Mtaala wa umilisi (CBC) ulifanyiwa majaribio kabla ya kuanza rasmi 2019. Walimu wa darasani pia huketi kwenye paneli za masomo.

Lakini nguvu yako ya kila siku, naamini, imo katika ile safu ya "Maoni" kwenye maazimio ya kazi, yaani mpango wako wa kufundisha wa muhula. Wengi huandika "Somo lilifaulu" wakafunga daftari. Hilo halimsaidii yeyote! Andika kilichotokea: muundo wa mtaala ulitaka bustani, shule haina udongo, mkapanda sukuma wiki kwenye mitungi mikuukuu, vipindi viwili vikawa vinne. Maoni hayo yakusanyeni kama idara, mmkabidhi afisa wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) anayesimamia mitaala katika eneo lenu. Na siku KICD ikiomba maoni ya umma, tafadhali usiwaachie wachapishaji wa vitabu peke yao.