Usizikaze nati za hedi injini ikiwa ya moto

Weka spana chini kwanza, ndugu. Umeandika kwamba baiskeli yako ya injini inachemka ukitoka Ihumwa na mzigo, kwamba hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, inapuliza gesi kwenye maungio, na kwamba fundi amekushauri uzikaze nati zote nne injini ikiwa bado ya moto, hadi mlio uishe. Injini yangu ilikufa kwa ushauri huohuo.

Fundi wa hapa mjini alichomeka bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, akakaza huku mapezi ya silinda yakiwa bado hayashikiki. Nati ikazunguka, ikazunguka tena, kisha ikawa nyepesi. Tulipoivuta stadi, yaani bolti ndefu inayokazwa na nati, ilitoka imeviringishiwa nyuzi za alumini (hesi zinazoishika) zilizong'oka kwenye kasha la kranki, sehemu ya chini ya injini, na kasha likiharibika hivyo ni afadhali ununue injini nyingine. Bado alidai malipo, na nasikia angali anawafundisha vijana hivyohivyo, jambo linaloniudhi hadi leo.

Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikipata moto, silinda na hedi za alumini hutanuka na kuzivuta stadi za chuma, nawe unaongeza mkazo juu ya mvuto huo. Ikipoa, alumini hunywea kuliko chuma, na nati ulizokaza jana unazikuta zimelegea asubuhi. Unakaza tena, inapuliza tena, mpaka nyuzi zinakatika.

Kwa hiyo kaza injini ikiwa imelala usiku kucha, kwa spana ya kupimia nguvu, ukivuka kutoka kona hadi kona kwa awamu tatu. Stadi za milimita 6 zinatosha niutoni-mita 10 hivi, za milimita 8 kati ya 16 na 20. Baada ya safari ya kwanza iache ipoe kabisa, kisha uzipime upya.

Kama bado inapuliza, tatizo haliko kwenye nguvu ya mkono wako. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya hedi, ukanyage pedali injini ikiwa imezimwa na mkono wa klachi umeachiwa ili injini izunguke: mapovu yatakuonyesha mahali. Hapo fungua hedi, weka msasa namba 400 juu ya kioo, uisugue hedi juu yake taratibu kwa mzunguko. Sehemu zinazobaki nyeusi ndizo zilizopinda, na usirudishe gasketi (kizibo cha kati ya hedi na silinda) iliyokwisha kubanwa.

Chomoa na plagi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inapata petroli kidogo kuliko hewa, mara nyingi kwa sababu maungio ya kabureta yanavuta hewa, na joto lako linaanzia huko.

Kama umeshazikaza zikiwa za moto, usiwashe leo. Subiri kesho alfajiri, uzilegeze zote nne kidogo kidogo kwa kuvuka vilevile, uweke gasketi mpya, ndipo uanze upya.